Dawa za Matone kwa Ugonjwa wa Glakoma: Jinsi ya Kuzilinganisha

Utangulizi

Miongoni mwa maradhi yanayowapofusha watu wa Afrika ya Mashariki, glakoma ndiyo inayoiba nuru ya macho kwa ukimya mkubwa. Mtoto wa jicho huleta ukungu ambao mgonjwa mwenyewe hutambua, na trakoma huleta maumivu na kope zinazokwaruza jicho. Glakoma ya aina iliyo ya kawaida haiumi, haiwashi, wala haileti wekundu. Huanza kula pembezoni mwa eneo la kuona, na kwa kuwa jicho moja husaidia upungufu wa jingine, mgonjwa huendelea na shughuli zake bila wasiwasi, mpaka siku anapoanza kujikwaa katika vitu vilivyo kando yake. Sehemu ya nuru iliyokwisha kupotea hairudishwi kwa dawa, wala kwa miwani, wala kwa upasuaji. Linalowezekana ni kuilinda ile iliyobaki.

Ulinzi huo mara nyingi hufanywa kwa dawa ya matone inayotiwa machoni kila siku, maisha yote. Dawa za namna hiyo ziko za aina kadhaa, na swali la somo hili ni moja: ipi iliyo bora? Swali hilo huonekana jepesi, lakini jibu lake lahitaji fizikia, kemia, biolojia na hesabu, na zaidi ya hayo lahitaji kujua mahali anapoishi mgonjwa. Kwa sababu hiyo somo linamfikiria mkulima wa pamba mwenye umri wa miaka 55 katika kata ya Ngulyati, wilayani Bariadi, katika Mkoa wa Simiyu uliomegwa kutoka Mkoa wa Shinyanga mwaka 2012. Mkulima huyo ni wa mfano tu. Hata hivyo joto la mahali pake, urefu wa safari ya kwenda hospitali na uchache wa fedha kabla ya kuuza pamba ni mambo ya kweli, nayo yana nguvu juu ya dawa kama ilivyo kemia yake.

Ukubwa wa tatizo

Katika vijiji 6 vya wilaya ya Kongwa, Mkoa wa Dodoma, wataalamu waliwapima macho watu 3,268 wenye umri wa miaka 40 na kuendelea. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2000 yalionyesha kwamba watu 4 hivi katika kila 100 walikuwa na glakoma ya aina moja au nyingine. Kongwa si Bariadi, hivyo tarakimu hiyo haifai kuhamishwa kama ilivyo. Inatosha kuonyesha kwamba glakoma si ugonjwa wa watu wa mijini wala wa matajiri.

Hatari ya kuugua huongezeka kadiri umri unavyozidi. Huongezeka pia kwa mtu ambaye mzazi wake au ndugu yake wa damu anao ugonjwa huo, na kwa watu wenye asili ya Kiafrika glakoma huanza mapema na kuharibu kwa kasi zaidi.

Maji ya jicho na shinikizo lake

Ndani ya jicho, nyuma ya konea na mbele ya lenzi, mna maji maangavu. Maji haya si machozi. Hutengenezwa ndani kabisa, nyuma ya mzingo wa rangi unaoizunguka mboni, huzilisha sehemu zisizo na mishipa ya damu, kisha hutoka kwa njia mbili. Njia kuu ni chujio dogo lililoko katika pembe, pale konea inapokutana na mzingo wa rangi. Njia ya pili ni ya kando: maji hupenya polepole kati ya nyuzi za misuli ya ndani ya jicho.

Maji yanapoingia kwa kasi ile ile yanayotokea, shinikizo, ambalo watu wengi huliita presha ya macho, hubaki kati ya milimita 10 na 21 za zebaki hivi. Chujio likiziba kidogo kidogo, shinikizo hupanda na kuibana neva ya jicho inayopeleka habari kwenye ubongo. Nyuzi za neva hiyo zikifa hazioti tena. Yafaa ieleweke kwamba wako watu wanaopata glakoma hali shinikizo lao ni la kawaida, na wengine wenye shinikizo la juu wasiougua. Lakini shinikizo ndilo jambo linaloweza kupunguzwa kwa dawa.

Uhusiano huu huandikwa kwa kanuni fupi:

P = (F − U) ÷ C + V

P ni shinikizo la jicho. F ni mikrolita za maji yanayotengenezwa kila dakika. U ni maji yanayotoka kwa njia ya kando. C ni wepesi wa chujio kupitisha maji. Na V ni shinikizo la mishipa ya damu inayoyapokea maji hayo.

Chukua mfano uliorahisishwa. Katika jicho zima F ni 2.4, U ni ndogo kiasi cha kuhesabiwa sifuri, C ni 0.3, na V ni 8. Shinikizo litakuwa 2.4 ÷ 0.3 + 8, yaani 16. Sasa chujio lizibe mpaka C iwe 0.12. Shinikizo litapanda hadi 2.4 ÷ 0.12 + 8, yaani 28. Kanuni hii yaonyesha wazi kwamba daktari ana milango mitatu: kupunguza F, kuongeza U, au kuongeza C. Dawa zote za matone hupitia mlango mmoja au zaidi kati ya hiyo.

Familia za dawa

Pilokapini ndiyo ya zamani kuliko nyingine zinazotajwa hapa. Ilitolewa katika majani ya mmea wa jaborandi wa Brazil mwaka 1875, ikaanza kutumika kwa glakoma miaka michache baadaye. Wakati huo huo ilitumiwa dawa nyingine iliyotokana na maharage ya Calabar, ya pwani ya Nigeria. Hivyo Afrika ilikuwa na sehemu katika mwanzo wa tiba hii. Pilokapini huvuta misuli ya ndani ya jicho na kulifungua chujio, yaani huongeza C. Hutiwa mara 3 au 4 kwa siku. Kwa kuwa huifanya mboni kuwa ndogo sana, mgonjwa huona giza jioni na huweza kupata maumivu ya paji la uso.

Timololi iliidhinishwa nchini Marekani mwaka 1978, ikageuza kabisa tiba ya glakoma, kwani haikuibana mboni na ilitosha kutiwa mara 1 au 2 kwa siku. Hupunguza utengenezaji wa maji. Katika mfano wetu, F ikipungua kwa theluthi moja kutoka 2.4 hadi 1.6, shinikizo litashuka kutoka 28 hadi 21.3, yaani kwa asilimia 24 hivi. Usiku kazi yake hupungua, kwa sababu jicho la mtu aliyelala hutengeneza maji machache hata bila dawa.

Dozolamidi, iliyoingia sokoni katikati ya miaka ya 1990, nayo hupunguza F, kwa kukizuia kimeng'enya kinachosaidia kutengeneza maji ya jicho. Ni ya jamii moja na vidonge vya asetazolamidi, ambavyo hutolewa hasa shinikizo linapotakiwa kushushwa kwa haraka. Hutiwa mara 3 kwa siku ikiwa peke yake. Hutonesha kidogo na kuacha ladha chungu mdomoni.

Brimonidini, ya mwaka 1996, hupunguza F na pia huongeza U kidogo. Huweza kuleta usingizi, ukavu wa mdomo na mzio wa macho. Haipewi watoto wachanga kamwe, kwa kuwa huweza kuwazuia kupumua vizuri.

Latanoprosti, nayo ya mwaka 1996, ni ya jamii ya prostagilandini. Huifungua njia ya kando, yaani huongeza U. Katika mfano wetu, U ikiwa 1.0, shinikizo litakuwa (2.4 − 1.0) ÷ 0.12 + 8, yaani 19.7, upungufu wa asilimia 30 hivi. Hutiwa mara 1 tu, jioni. Huweza kuleta wekundu wa macho, kurefusha kope na kuongeza weusi wa mzingo wa mboni, mambo ambayo kwa kawaida hayana hatari. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha yake ya dawa muhimu.

Kipimo cha kwanza: nguvu

Kwa wastani dawa hizi hupunguza shinikizo kwa viwango vifuatavyo:

Latanoprosti: asilimia 25 hadi 33
Timololi: asilimia 20 hadi 25
Pilokapini: asilimia 20 hadi 25
Brimonidini: asilimia 20 hadi 25
Dozolamidi: asilimia 15 hadi 20

Dawa mbili zikitumika pamoja, asilimia zake hazijumlishwi hivi hivi. Ya kwanza ikishusha 28 kwa asilimia 25, litabaki 21. Ya pili ikishusha 21 kwa asilimia 20, litabaki 16.8. Upungufu wote ni asilimia 40, si 45.

Je, kushusha shinikizo huokoa nuru kweli? Swali hilo lilijibiwa vizuri nchini Uingereza katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015. Wagonjwa 516 waligawanywa kwa bahati nasibu, nusu wakapewa latanoprosti na nusu matone yasiyo na dawa. Katika miezi 24, eneo la kuona lilizidi kuharibika kwa asilimia 15.2 ya waliotumia dawa, na kwa asilimia 25.6 ya wasioitumia. Dawa haikuwakinga wote, lakini iliwakinga wengi.

Kwa kipimo cha nguvu, basi, latanoprosti yashinda. Lakini ushindi huo ni wa chupa iliyotunzwa vizuri na tone lililofika ndani ya jicho.

Kipimo cha pili: usalama wa mwili mzima

Watu wengi hudhani kwamba tone la jicho hukaa jichoni tu. Sivyo. Kona ya ndani ya jicho ina kitundu kinachopeleka machozi puani, na kutoka puani dawa huingia katika damu bila kupitia kwanza kwenye ini. Timololi ya asilimia 0.5 ina miligramu 5 katika kila mililita. Tone la mililita 0.04 lina miligramu 0.2. Kiasi hicho ni kidogo, lakini kwa mwenye pumu chaweza kuibana njia ya pumzi, na kwa mwenye moyo unaopiga polepole mno chaweza kuuzidishia udhaifu. Hivyo mkulima wetu wa Ngulyati akiwa na pumu, timololi si dawa yake, hata kama ndiyo pekee iliyopo dukani na ndiyo rahisi kwa bei. Mwenye mzio wa dawa za salfa naye hana budi kumwambia daktari kabla ya kupewa dozolamidi.

Aidha, si kila dawa ya matone ni dawa ya glakoma. Matone yenye steroidi, kama deksamethasoni, hutuliza upesi macho yanayowasha kwa mzio, na kwa hiyo hupendwa. Yakitumika kwa wiki nyingi bila usimamizi huweza kupandisha shinikizo na kuzaa glakoma, hata kwa mwanafunzi wa shule. Kununua tena na tena chupa ya namna hiyo kwa kuwa "ilimsaidia jirani" ni hatari kubwa.

Kipimo cha tatu: joto na utunzaji

Chupa za kawaida za latanoprosti, kabla ya kufunguliwa, zatakiwa kukaa katika jokofu kwenye nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi. Zikishafunguliwa huweza kukaa nje, pasipozidi nyuzi 25, kwa wiki 4 hadi 6 kwa kufuata maelekezo ya mtengenezaji. Zipo pia chupa za matoleo mapya zisizohitaji jokofu, na ni wajibu wa mnunuzi kusoma karatasi iliyomo. Timololi haihitaji jokofu, ila nayo isiachwe juani.

Huko Bariadi joto la mchana huweza kupita nyuzi 30, na chini ya bati huzidi hapo. Pasipo na umeme, mtungi wa udongo waweza kusaidia. Maji hupenya katika vinyweleo vya mtungi na kugeuka mvuke juu ya uso wake; kila gramu inayogeuka mvuke huondoka na joto, na ndani ya mtungi hubaki baridi. Chupa iliyofunguliwa ikitiwa katika kopo kavu lenye mfuniko, na kopo likawekwa ndani ya mtungi mtupu uliozungushiwa mchanga wenye maji, itakaa mahali penye nafuu kuliko mezani. Hata hivyo mtungi haushushi joto hadi nyuzi 8, na wakati wa masika, hewa ikijaa unyevu, kazi yake hupungua. Kwa hiyo hauwi badala ya jokofu kwa chupa za akiba.

Kipimo cha nne: gharama ya siku

Bei ya chupa peke yake hudanganya. Kilicho sahihi ni kutafuta gharama ya siku moja. Chupa ya timololi ya mililita 5, yenye matone ya mililita 0.04, ina matone 125. Mgonjwa anayetia macho yote mara 2 kwa siku hutumia matone 4, hivyo chupa humtosha siku 31. Chupa ya latanoprosti ya mililita 2.5, yenye matone ya mililita 0.03, ina matone 83. Kwa matone 2 kwa siku ingetosha siku 41, kama muda wa kuitupa haujafika. Kwa hiyo dawa zote mbili huhitaji takriban chupa moja kila mwezi, na bei zake zaweza kulinganishwa kwa haki.

Kwa bei hiyo hapana budi kuongezwa nauli. Dawa isiyopatikana Bariadi mjini, ikamlazimu mgonjwa kwenda Mwanza, hubeba gharama ya safari ndefu na ya siku za kazi zilizopotea wakati wa palizi au mavuno. Pia uhesabiwe upotevu: anayemwaga tone moja kwa kila tone linaloingia humaliza chupa ya mwezi kwa nusu mwezi, na siku 15 zinazobaki hukaa bila dawa.

Jaribio la Moshi

Kipimo cha mwisho ni maisha yenyewe, na hapo Tanzania ina ushahidi wake. Kati ya mwaka 2015 na 2017, katika Hospitali ya KCMC mjini Moshi, wagonjwa 201 wenye glakoma ya shinikizo la juu waliingizwa katika jaribio, na macho yao 382 yakahesabiwa. Kwa bahati nasibu 100 walipewa timololi ya asilimia 0.5 mara 2 kwa siku, na 101 walitibiwa chujio la jicho kwa mwanga wa leza. Kufaulu kulimaanisha kwamba baada ya mwaka mmoja shinikizo lilikuwa limefika katika kiwango kilichowekwa kufuatana na ukali wa ugonjwa. Mara moja iliruhusiwa kumweleza tena mgonjwa namna ya kutia matone, au kurudia leza.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Katika kundi la timololi, macho 55 kati ya 176 yalifaulu, yaani asilimia 31. Katika kundi la leza yalifaulu 99 kati ya 163, yaani asilimia 61.

Matokeo haya hayasemi kwamba timololi ni maji matupu, wala kwamba matone yaachwe. Yanakumbusha kwamba dawa inayofanya kazi vizuri katika kitabu hukutana na mikono inayotetemeka, chupa iliyokwisha, na mgonjwa asiyeona badiliko lolote anapoitia wala anapoiacha. Leza haimtegemei mgonjwa kukumbuka kila siku, ingawa kazi yake nayo hufifia kwa muda na huweza kuhitaji kurudiwa. Mahali penye mashine na mtaalamu, na hospitali ikiwa mbali na nyumbani, mgonjwa ana haki ya kuuliza kama leza au upasuaji wamfaa.

Namna ya kutia tone

Mgonjwa anawe mikono, ainue uso, na kuvuta chini ukope wa chini ili ufanye kifuko. Ncha ya chupa isiguse jicho. Tone moja latosha, kwa kuwa kifuko hicho huchukua mikrolita 30 hivi tu na la pili humwagika shavuni. Kisha afumbe jicho na kubonyeza kwa kidole kona ya ndani, kando ya pua, kwa dakika 2. Kwa njia hiyo dawa nyingi hubaki jichoni, na kidogo huingia katika damu. Ikiwa kuna dawa ya pili, angoje dakika 5. Asiyeweza mwenyewe asaidiwe na mtoto au mjukuu, kwa saa ile ile kila siku.

Hitimisho

Latanoprosti ina nguvu zaidi na hutiwa mara moja, ila yadai utunzaji. Timololi huvumilia safari na kwa kawaida ni rahisi kwa bei, ila haimfai mwenye pumu. Dozolamidi na brimonidini ni wasaidizi wazuri pale dawa ya kwanza isipotosha. Pilokapini imebaki kwa matumizi maalumu. Juu ya hayo yote yasimama kanuni moja: dawa bora ni ile iliyo salama kwa mgonjwa huyo, inayoshusha shinikizo lake hadi kiwango alichowekewa, na inayoweza kupatikana na kutiwa kila siku mwaka mzima. Uamuzi huo ni wa daktari wa macho pamoja na mgonjwa; kubadili au kuacha dawa kwa shauri la jirani ni kuichezea nuru isiyorudi.

Mwanafunzi anayesoma haya ana kazi ya kufanya nyumbani. Mzazi aliyepita umri wa miaka 40, hasa mwenye ndugu aliyepofuka bila sababu kujulikana, apelekwe kupimwa shinikizo na neva ya jicho, hata kama anasema anaona vizuri.

Maswali ya kujipima

1. Jicho lina F = 2.4, U = 0, C = 0.15 na V = 8. Tafuta shinikizo lake. Dawa ikipunguza F kwa robo, shinikizo litakuwa kiasi gani, na limepungua kwa asilimia ngapi?

2. Chupa ya mililita 5 hutoa matone ya mililita 0.05. Mgonjwa hutia macho yote mara 3 kwa siku. Chupa itamtosha siku ngapi? Itamtosha siku ngapi akimwaga tone moja kwa kila matone 2 yanayoingia?

3. Eleza kwa nini katika jaribio la Moshi wagonjwa waligawanywa kwa bahati nasibu, badala ya kila mmoja kujichagulia tiba.

4. Tengeneza mtungi wa kupoza kama ulivyoelezwa. Pima joto la ndani na la nje saa 8 mchana kwa siku 7. Eleza kwa nini tofauti si sawa kila siku.

5. Mgonjwa asema, "Niliacha matone miezi mitatu na bado naona kama zamani." Andika jibu la aya moja utakalompa kwa heshima.